Magunia ya Shemeji Yalikaa Mbele

Mwanangu Donati,

Wewe umetoka kuaga rafiki zako, mama yako amekwenda kukaa kwa dada yake, na sababu ya kwenda huko nitakueleza mbele kidogo. Kwa hiyo nyumba ni yangu peke yangu, na nina saa mbili au tatu za kuandika kabla jua halijashuka. Nimekaa kwenye meza ya kulia. Kupitia dirishani naona baraza letu na ule mlima wa mizigo ya watu. Tangu Ijumaa nauangalia unakua.

Sitakuambia uoge, usali, ule kwa wakati na uandike barua. Mama yako amekuambia hayo mara tatu, na mara ya tatu ulikuwa unamjibu kabla hajamaliza. Mimi nina jambo moja tu. Ni jambo la gari, lakini si la gari peke yake, na huenda nikalizunguka kwanza kwa sababu naliogopa. Univumilie. Nimeshachana karatasi mbili.

Siku uliyokuja na habari kwamba patron, tajiri wako, amekupa kamioneti yenye remoki ya kuvuta nyuma, na kwamba utahamia Kambove uwe unapeleka vifaa vya ujenzi, nilicheka sana, nikakupiga bega, nikawaita majirani. Wote waliniona baba mwenye furaha. Halafu nikaenda nyuma ya nyumba, nikageuza ndoo, nikakaa juu yake mpaka miguu ikafa ganzi. Mama yako alinikuta pale akauliza kama naumwa tumbo. Nikasema ndiyo.

Jana asubuhi, ulipokuwa bado umelala, nilikwenda kwenye uwanja wa patron wako. Nilimwambia mlinzi kwamba nimekuletea kofia uliyoisahau. Uongo mtupu, kofia ilikuwa yangu. Nikaizunguka ile kamioneti mara nne. Nikapiga teke matairi. Nikalala chini kwenye vumbi na suruali yangu nzuri, nikaangalia resori moja moja, vile vyuma vya kunesa vilivyopangwa kama karatasi za kitabu. Mlinzi alisimama akinitazama, nadhani alifikiri baba yako ameanza kupoteza akili.

Ni gari zuri, siwezi kulisingizia. Patron wako ameondoa ubao wa nyuma na kufunga pale nyuma, mahali pa mzigo, lile duara la chuma lililopakwa grisi, ambalo mafundi Wabelgiji wanaliita sellette na sisi madereva wa zamani tulizoea kuliita tandiko. Pua ya remoki inapanda juu yake, inakaa, na kufungwa. Nililipima kwa shibiri na nikaona limefungwa juu kabisa ya ekseli ya nyuma, mahali pake. Hapo nilishusha pumzi. Lakini nikasoma kile kibati cha mlangoni, na pumzi ikapanda tena.

Sikiliza vizuri hapa, hata kama unafikiri unajua. Mimi pia nilifikiri najua. Remoki ya kawaida, ile inayofungwa kwa ndoana, inajibebea mzigo wake yenyewe na gari linaivuta tu. Remoki ya tandiko haiko hivyo. Sehemu ya mzigo wake, karibu robo, inalala mgongoni mwa gari. Kwa hiyo mtu akikusifia kwamba kamioneti yako inavuta tani tatu, usifurahi haraka. Muulize inabeba ngapi mgongoni, na mgongoni tayari kuna nini.

Kibati chako kinasema mgongo unabeba kilo elfu moja. Remoki yako kesho itakuwa na saruji na mabati ya kujengea, na mlinzi alinionyesha vilivyopangwa. Pua yake itakulalia kilo mia sita, kama si zaidi. Lile tandiko lenyewe ni chuma kizito, weka themanini. Wewe na yule mwenzako wa safari, mia na hamsini. Magurudumu mawili ya akiba, jeki, vyombo, madumu ya petroli na maji, mia na ishirini. Nilipiga hesabu hiyo kwa kipande cha mkaa kwenye ukuta wa jikoni, nikaifuta, nikaipiga tena. Zinabaki kilo hamsini, Donati. Hamsini ni sanduku lako na godoro lako na mfuko wa chakula ambao mama yako hawezi kuacha kukufungia.

Sasa hebu inua macho uangalie baraza letu. Kitanda cha chuma cha Mama Kapinga, jirani yetu Mkasai, anachompelekea binti yake. Velo ya katekista, baiskeli nzima. Dumu la mafuta ya mawese. Magunia mawili ya unga. Jiwe la kusagia ambalo sijui nani mwenye akili timamu analipeleka Kambove, kana kwamba Kambove hakuna mawe. Sanduku la sabuni. Kuku wanne, na hao ndio wepesi. Kila aliyekuja ulimpokea kwa mikono miwili. "Ndiyo, mama." "Ndiyo, baba." "Hakuna mambo, yaya, dada yangu, nitafikisha." Nilikuwa nimekaa palepale nikikusikia, na kila ndiyo yako ilinichoma.

Kwa sababu sauti hiyo ni yangu. Ni mimi niliyekuwekea.

Unamkumbuka mjomba wako Bastien? Ulikuwa na miaka tisa alipokufa. Ndiye aliyekushonea suruali nyeupe ya komunyo ya kwanza, fundi cherehani wa barabara ya nyuma hapahapa Kamalondo, mtu mrefu aliyekuwa akitembea na futi shingoni hata siku ya Jumapili. Alikuwa kaka mkubwa wa mama yako. Baba yao alipofariki, yeye ndiye aliyepokea mahari yangu na kuniruhusu nimwoe Veronika, mimi niliyekuwa na mashati mawili, moja limepasuka. Kwetu mtu wa namna hiyo si wa kubishana naye. Miaka miwili ya kwanza sikuthubutu hata kula mbele yake. Akiingia uani nilisimama, akikaa nilitafuta kiti cha chini zaidi. Nilimheshimu na nilimpenda, vyote viwili.

Wakati huo nilikuwa naendesha kwa Mgiriki mmoja wa mjini aliyekuwa ananunua mahindi huko Mokambo, mpakani. Alikuwa na kamioneti kama yako, lakini tandiko lake mafundi wake walilifunga shibiri nzima nyuma ya ekseli, ili pua ya remoki isigonge kabini gari likikata kona. Mimi nililiona hilo. Sikulielewa, na niliona haya kuuliza. Nilikuwa dereva wa sifa bwana, na dereva wa sifa hauliziulizi.

Siku hiyo tulikuwa tumeshapakia pale Mokambo. Mimi na Petro, mwenzangu wa safari, tulipanga magunia ya patron kwa akili, mengi katikati na nyuma, pua ya remoki tukaiacha nyepesi. Petro alikuwa mtu wa maneno machache lakini kazi yake ilikuwa safi. Tulikuwa tunafunga turubai, mara namwona Bastien anakuja na kofia mkononi. Alikuwa amefuata mahindi ya kumaliza matanga ya nyanya yako, na alikuwa amesubiri gari siku mbili.

"Shemeki," akasema, "ni Mungu ametuma weye. Niko na magunia tano."

"Hakuna mambo," nikasema. Hata sikupumua kabla ya kujibu.

Petro aliniangalia, akasema polepole, "Tubiweke ku nyuma kabisa. Kule kuko nafasi."

Naye Bastien, Mungu amlaze pema, akasema, "Hata ku nyuma iko muzuri, shemeki. Ni mahindi tu."

Ningemsikiliza! Yeye mwenyewe alikubali nyuma. Lakini mimi nilimtazama yule mtu aliyenipa mke, nikaona vumbi lote la barabara likimiminika juu ya mali yake huko mkiani kama mali ya mtu wa hovyo, na moyo ukakataa. Unajua desturi yetu. Kitu cha mkubwa hakikai nyuma. Mkubwa anakaa mbele na kitu chake kinakaa mbele, anapoweza kugeuka akakiona. Nikasema kwa sauti, ili watu wa pale sokoni wasikie nilivyo mkwe mwema, "Hapana! Bintu bya mukubwa ku nyuma, mu mavumbi? Weye ulinipa bibi. Bitakaa ku mbele, karibu na miye."

Tukayapandisha matano yote juu ya pua ya remoki, palepale juu ya tandiko. Gunia moja lilikuwa kama kilo mia. Gari likakaa chini kwa nyuma, likainua uso. Petro akazunguka mbele, akainama, akarudi.

"Chef, taa iko inaangalia mbingu."

"Basi tutaona ndege," nikamjibu, na watu wakacheka. Nilikuwa na utani mwingi siku zile.

Bastien alikaa ndani pamoja nami, upande wa kulia, mahali pa heshima. Petro akapanda juu ya mzigo. Na sasa nakuambia kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu, kwa sababu ndicho kinachonitia aibu kuliko vyote. Nilifurahi. Tulipotoka Mokambo usukani ulikuwa mwepesi ajabu. Nilikuwa nauzungusha kwa vidole viwili, nikamwonyesha, "Angaria, shemeki, usukani wa velo!" Naye akacheka, akapiga makofi. Miaka yote ya kuendesha, na sikujiuliza kwa nini usukani umekuwa mwepesi. Ulikuwa mwepesi kwa sababu matairi ya mbele yalikuwa hayakanyagi ardhi sawasawa. Mzigo uliolalia tandiko, nyuma ya ekseli, uliyainua kama ubao wa pembea. Nilikuwa nageuza matairi yaliyogusa barabara kwa adabu tu.

Mahali penye mteremko wa kijito barabara inakata kushoto. Nilikata kushoto. Niliona matairi yamegeuka, niliona barabara imegeuka, na sisi tunakwenda moja kwa moja. Nikasikia resori ya nyuma inakatika, mlio kama wa bunduki. Nilikanyaga breki, na breki ilishika, Donati, ilishika vizuri, lakini remoki na mahindi yake ikatusukuma. Tukaingia porini na kukivaa kichuguu, vile vichuguu vyetu vikubwa vigumu kuliko ukuta. Upande wa kulia ndio uliopiga.

Petro alirukia majanini akavunjika mkono. Mimi nilitoka na alama hii ya nyusi ambayo ulipokuwa mdogo ulipenda kuigusa. Bastien tulimtoa kwa shida. Alikuwa anaongea, aliuliza kama mahindi yamemwagika. Alikaa hospitali siku mbili, na siku ya tatu akafariki. Yale mahindi aliyoyafuata kwa ajili ya matanga ya mama yake, tuliyala kwenye matanga yake.

Polisi alipokuja kuuliza, nilisema breki. Ni neno fupi, ona jinsi lilivyo rahisi: "Breki ilikatika, bwana." Yule Mgiriki hakubisha, maana hakutaka mtu aje kupima lile tandiko lake. Petro hakuulizwa. Nikalisema tena kwa mama yako, nikalisema kwa ukoo mzima uliokaa chini kwenye mikeka, nikalisema kwa padri nje ya kitubio. Kwenye kitubio sikulisema kabisa, nililipita. Kila mtu alinionea huruma. Shangazi zako waliniletea chakula, mimi, wakisema maskini Ngoy, amempoteza shemeji yake mikononi mwake.

Niliacha kuendesha mwezi uleule na kwenda kulinda stoo. Wewe ulipouliza nilikuambia ni macho. Macho yangu ni mazima. Mpaka leo naweza kusoma namba ya gari lililoko mwisho wa barabara.

Nimesimama kidogo kunywa maji. Nimerudi. Kuna mtu ameleta kitu kingine barazani, sikutoka kuangalia.

Sasa mama yako. Leo baada ya misa nilimkuta anashona mdomo wa gunia la unga, lile la kumpelekea mama yako mdogo wa Kambove. Sindano inaingia, inatoka. Nikaona mikono ya Bastien ileile, maana wote wawili walifundishwa na mtu mmoja. Nikakaa sakafuni karibu naye, na kabla sijajua nitasema nini nikawa nimeshasema.

"Vero, breki haikukatika."

Hakuinua kichwa. "Najua."

"Unajua nini?"

"Bastien aliniambia ku hopitali. Alisema, Ngoy aliweka magunia ku mbele juu ya heshima yangu, motoka ikakatala kugeuka. Alisema, usimuulize, atasema yeye mwenyewe."

Nikamuuliza kama ni tangu siku ile. "Depuis siku ile?"

"Depuis siku ile." Hapo ndipo aliponitazama. "Miaka kumi na ine, Ngoy. Nilikuwa napika, nafua, nazala batoto, nakungojea useme. Nilikuwa najiuliza, huyu muntu atasema lini? Atasema mbele ya kufa?"

Mengine aliyoniambia sitakuandikia, ni yangu, nayastahili. Alilia, akaacha, akalia tena. Nilitaka kumshika mkono akaukataa. Alipokwisha kulia alichukua kitambaa chake akasema anakwenda kwa dada yake. Mlangoni akageuka. "Uandike. Mutoto asome yote mbele ya kuenda. Na hii mizigo usirudishe hata moja. Yeye mwenyewe akatale." Kisha akasema atarudi kupika. Nimeshika neno hilo la kupika tangu asubuhi, na kila mtu anayepita nje nadhani ni yeye.

Nilipofikiri niliona ana haki. Mimi nilikuwa nimepanga kuwa mjanja: nizunguke leo kwa majirani, nirudishe kitanda, nirudishe lile jiwe la wazimu, niseme patron amekataza. Lakini hapo ningekuwa nimesafisha baraza moja tu. Kambove kuna baraza nyingine. Kuna wazee wengine, kuna padri, kuna siku moja baba wa msichana utakayempenda, na atakuja na kofia mkononi kama Bastien. Siwezi kusimama kwenye kila baraza.

Kuna siku moja ulikuwa na miaka sita. Mzee wa nyumba ya pili alikutuma maji mara ya kwanza, ukaenda. Mara ya pili, ukaenda. Mara ya tatu ukamwambia, "Hapana, baba, nimechoka." Ulisema kweli, mikono yako ilikuwa na alama za ndoo. Nami nikakuchapa palepale mbele ya watu, na watu wakasema vema, huyo ndiye baba. Ukaenda mara ya tatu ukilia. Nilijisifu wiki nzima kwamba mtoto wangu hawezi kumkatalia mkubwa. Tangu siku hiyo sijawahi kukusikia ukisema hapana kwa mtu aliyekuzidi umri. Watu wa Kamalondo wote wanakusifu kwa hilo. Mimi nikisikia wanakusifu, naona kile kichuguu.

Ndiyo maana naogopa. Siogopi barabara ya Kambove, wala mvua, wala patron wako. Naogopa adabu yako.

Ndani ya bahasha hii hakuna nafasi, kwa hiyo nimeuweka chini ya mto wako ufito wa mti wa mulombwa niliouchonga jana. Usiucheke. Una alama moja. Nilipokuwa uwanjani, kamioneti ikiwa tupu na imesimama sawa, nilisimamisha ufito chini ya bati la juu ya tairi la mbele na kukata alama palepale bati lilipofika. Ukishapakia na kufunga remoki, simama mahali palipo sawa, pima tena. Bati likipanda juu ya alama kwa vidole viwili, mbele yako imeanza kuelea, na mzigo uko mahali pabaya au umezidi. Hapo huondoki. Shusha, au urudishe mzigo nyuma kidogo juu ya magurudumu ya remoki, upime tena. Lakini usiurudishe mpaka mkiani kabisa, pua nayo ikipungua sana remoki itaanza kuchezacheza. Utalijua kwa mkono. Na usukani ukikufurahisha kwa wepesi, simamisha gari ushuke. Hilo ndilo neno pekee la ufundi ninaloliomba ulishike hata ukisahau mengine yote.

Lakini ufito hausemi hapana. Unaonyesha tu. Kusema ni wewe.

Kwa hiyo nimefikiri hivi, na ninaandika haraka maana jua limefika kwenye paa la katekista. Kesho saa kumi na mbili utakuja na kamioneti kupakia sanduku lako. Majirani watakuwa wamejaa, unawajua, kila mmoja na mzigo wake wa dakika ya mwisho. Mimi nitatoka ndani na lile gunia la unga begani. Nitasema mbele ya wote, "Donati, mutoto wangu, hii umupelekee mama yako mudogo." Nitakwenda nalo mpaka kwenye kamioneti, nitaliinua kuliweka nyuma ya dirisha lako, mahali pa heshima.

Kataa.

Useme, "Hapana, baba, gari haliwezi." Usiseme kwa kunong'ona wala usiniite pembeni. Sema kwa sauti, Mama Kapinga asikie, katekista asikie, yule mzee wa nyumba ya pili, ambaye bado anaishi na bado anatuma watu maji, asikie. Mimi nitajifanya nimekasirika. Nitasema, "Unakatalia baba yako?" Nakujua, hapo utainamisha macho na ulimi utakuwa mzito. Huenda nikasema neno kali zaidi, kwa sababu nataka ulisikie mara ya kwanza kutoka kwangu mimi ninayekupenda, kabla hujalisikia kwa mwingine. Useme tena, "Hapana, baba." Wakishaona umenikatalia mimi niliyekuzaa, hakuna atakayethubutu kukuinulia kitanda.

Nimejiuliza itakuwaje ukilipokea. Nimejiuliza mara nyingi leo. Una miaka ishirini na mitatu, sina nguvu ya kukushusha kwenye gari. Nitabaki nimesimama hapo barabarani nikiangalia kama taa zako zinaangalia mbingu. Tafadhali, mwanangu. Sijawahi kukuambia tafadhali, ona hata neno lenyewe linaniteleza.

Lakini ukikataa, nitashusha gunia na kuingia ndani nalo. Sitatoka kukupungia mkono, kwa sababu uso wangu utaniumbua na watu watajua tulipatana. Usikae kunisubiri. Funga mlango, pima kwa ufito, uende polepole. Ukitaka kuniona, nione kwa mawazo yako nyuma ya nyumba, juu ya ile ndoo, nalia kwa furaha kwamba mtoto wangu amenivunjia heshima mbele ya mtaa mzima.

Nasikia lango. Ni hatua za mama yako, na amebeba mboga.

Ni mimi baba yako, Ngoy, ambaye kesho utamkatalia.